Kingda Ka imeanguka: wapenzi wake wanalilia nini, chuma ao kuagana?

Asubuhi mapema ya tarehe 28 mwezi wa pili 2025, baruti zilipiga chini ya munara wa chuma katika Jackson, muji mudogo wa jimbo la New Jersey, ku Marekani. Munara ule ulikuwa na mita 139. Kwa sekunde chache tu ulikuwa umelala chini. Ilikuwa Kingda Ka, treni ya michezo yenye ilikuwa inapanda juu kuliko zote duniani kwa karibu miaka 20.

Video zake zilizunguka mu simu pahali pote. Watu wenye hawajawahi hata kufika New Jersey waliona vile ule munara unainama na kuanguka. Na chini ya zile video kulikuwa vilio, hasira, na pia watu wenye walikuwa wanacheka: "Vipi mutu mukubwa analilia mashini?"

Huku kwetu ule mwezi wa pili 2025 kila mutu anaukumbuka kwa sababu yake mwenyewe. Hatukuwa na nafasi ya kufuata habari za michezo ya Marekani. Lakini leo tunairudilia, sababu ndani yake kuko swali lenye linatuhusu sisi pia: kitu chenye watu wengi wanapenda, lakini chenye ni mali ya mutu mumoja ao kampuni moja, nani ana haki ya kusema neno juu yake siku kinapofika mwisho?

Treni ya namna gani?

Wale wenye walisoma Kifaransa wanajua jina montagnes russes. Ni magari madogo yenye kufuatana juu ya reli, yanapanda na kushuka, yanazunguka, na watu ndani wamefungwa muzuri kwenye viti. Haipeleke mutu fasi yoyote. Unapanda, unaogopa, unapiga kelele, unashuka pale pale ulipandia. Watu wanalipa feza kwa ile hofu.

Kingda Ka ilifunguliwa mwezi wa tano 2005 ndani ya Six Flags Great Adventure, uwanja mukubwa wa michezo kati ya New York na Philadelphia. Ilijengwa na Intamin, kampuni ya Uswisi. Kila treni ilibeba watu 18.

Zamani treni za namna hii zilivutwa pole pole mpaka juu na munyororo, kisha zikaachiliwa zishuke zenyewe. Kingda Ka haikufanya vile. Mapampu yalisukuma mafuta kwa nguvu mpaka yakakandamiza gazi ndani ya matangi. Ile nguvu ikiachiliwa kwa mara moja, inazungusha roda kubwa yenye inavuta kamba za chuma, na kamba zinavuta treni. Kutoka kusimama kabisa mpaka kilometa 206 kwa saa, ilichukua sekunde 3 na nusu. Kisha treni inapanda munara wima, inapita kule juu, inashuka upande mwingine ikijizungusha, inaruka kilima kimoja kidogo, inasimama. Yote ni sekunde 28 hivi, kwa reli isiyofika kilometa moja.

Kuna siku nguvu haikutosha ao upepo ulikuwa mwingi. Treni ilifika karibu na juu, ikakosa kupita, ikarudi nyuma mpaka kule ilitokea. Breki zilikuwa zimewekwa kwa kazi hiyo, na abiria walirudi salama. Mutu mwingine angefikiri ni aibu kwa kampuni. Kwa wapenzi ilikuwa bahati! Wengi walikuwa wanaomba iwafikie, sababu walipandishwa mara mbili kwa foleni moja.

Mashindano yenye yalizaa munara

Ili kuelewa kuanguka kwake, tuangalie kwanza kuzaliwa kwake. Mwanzo wa miaka ya 2000, makampuni mawili makubwa ya Marekani yalikuwa yanashindana: Six Flags na Cedar Fair. Mwaka 2000 uwanja wa Cedar Point, mu jimbo la Ohio, ulifungua Millennium Force, yenye kupita mita 90. Mwaka 2003 uwanja ule ule ukafungua Top Thrill Dragster, mita 128. Miaka 2 kisha, Six Flags ikajibu na Kingda Ka, mita 139. Mafundi walikuwa wale wale, namna ya kusukuma treni ilikuwa ile ile. Mita 11 za kuzidisha zilikuwa za jina tu: kusema sisi ndio wa kwanza duniani.

Jina lile lilileta watu, lakini mashini ya kulitafutia ilikuwa ngumu kutunza. Wiki chache kisha kufunguliwa, mwezi wa sita 2005, bulo moja iliharibika, ikaharibu kamba, na treni ikasimama mpaka mwezi wa nane. Mwaka 2009 radi iliipiga, ikakaa tena miezi mbili na zaidi bila kazi. Kila mwenye alifika Great Adventure alijua: unaweza kulipa tiketi, ukafika mulangoni mwa Kingda Ka, ukaambiwa leo haifanye kazi.

Ndugu yake wa Ohio aliona mabaya zaidi. Mwezi wa nane 2021, kipande cha chuma kilitoka kwenye treni ya Top Thrill Dragster kikamupiga mwanamuke mwenye alikuwa kwenye foleni. Aliumizwa kichwa vibaya sana. Treni ilifungwa, na mwaka 2022 kampuni ikasema namna ile imekwisha. Waliacha munara, wakabadilisha namna ya kusukuma treni: wakaondoa mafuta na kamba, wakaweka sumaku za umeme. Ikarudi mwezi wa tano 2024 kwa jina la Top Thrill 2, ikafanya kazi karibu wiki moja tu, ikafungwa tena juu ya tatizo la magari yake.

Kisha likaja jambo lingine. Tarehe 1 mwezi wa saba 2024, Six Flags na Cedar Fair waliungana kuwa kampuni moja, yenye viwanja 42 vya michezo na vya maji. Wale wenye walikuwa wanashindana sasa wako na sanduku moja la feza. Kingda Ka na Top Thrill 2 zikawa mali ya tajiri mumoja. Hapa njo tunasoma hivi: munara wenye ulijengwa kwa kumushinda jirani, siku jirani anakuwa ndugu, unabaki na kazi gani? Unabaki na gharama. Miezi 4 na nusu kisha muungano, kampuni ikatangaza mwisho wa Kingda Ka.

Tangazo lenye lilikuja nyuma ya kifo

Sasa tunafika kwenye kidonda chenyewe. Siku ya mwisho ya Kingda Ka kubeba watu ilikuwa tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 2024. Tangazo la kampuni lilitoka tarehe 14. Siku 4 kisha. Yaani wakati watu walisikia kwamba treni inafungwa, ilikuwa imekwisha kufungwa.

Pamoja nayo zilienda pia zingine: Zumanjaro, viti vyenye viliangushwa kutoka juu kwenye munara ule ule tangu 2014, na Green Lantern, treni yenye watu walipanda wakiwa wamesimama. Kampuni iliahidi kwamba treni mupya, ya kuvunja rekodi, itakuja mwaka 2026.

Uvumi ulikuwa umeanza mbele ya siku ile. Wapenzi wengine waliusikia wakafika zile siku za mwisho, wakapanda bila uhakika kama wanaaga ao hawaage. Wengine walisema ni uongo wa mitandao, wakabaki nyumbani. Wale wenye walibaki nyumbani njo walilia kwa sauti kubwa zaidi.

Ukisikiliza malalamiko yao, utaona kwamba wengi hawakusema "musivunje." Wengi walikuwa wanajua kwamba mashini imezeeka, kwamba inaharibika kila mara, kwamba kuibadilisha kama ile ya Ohio ni feza nyingi na hakuna uhakika. Walichosema ni hiki: mungetuambia. Mungetupa mwezi moja, hata wiki mbili. Baba mwenye alipanda akiwa kijana angeleta mutoto wake mwenye sasa amefika kipimo cha urefu. Mufanyakazi mwenye alifunga watu mikanda kwa miaka mingi angefunga wa mwisho akijua ni wa mwisho.

Kuna pia wale wenye hawakuwahi kupanda hata mara moja. Wapenzi wa treni hizi wako na desturi ya kuhesabu: kila treni mutu amepanda inaandikwa, na wengine wanasafiri inchi kwa inchi kujaza hesabu yao. Kwa mutu wa namna ile, Kingda Ka ilikuwa kilele. Alikuwa anaweka feza pole pole, anasema mwaka ujao nitaenda. Mwaka ujao hakuna tena kitu.

Lakini tusikie pia upande wa kampuni

Mwandishi wa habari akisikiliza upande mumoja tu, hajafanya kazi. Tuweke sababu zenye kampuni ya namna hii inaweza kuwa nazo.

Ya kwanza ni usalama. Ukisema siku ya mwisho, watu wanakuja kwa maelfu, foleni inakuwa ya masaa mengi, na mashini yenye inaharibika mara nyingi inaweza kusimama siku ile ile. Hapo hasira inakuwa mara mbili. Ya pili, kuko watu wenye wangetaka kubeba ukumbusho: bulo, kibao, kipande cha kiti. Ya tatu ni biashara. Tiketi za mwaka mzima zinauzwa mbele ya mwaka kuanza, na hakuna mufanyabiashara mwenye anapenda kutangaza kwamba kitu kikubwa cha dukani kwake kinaondoka wakati wa kuuza. Hii ya tatu hakuna kampuni inaisema kwa mudomo, lakini kila mama wa soko anaielewa.

Na sheria iko upande wao. Ile treni ilijengwa kwa feza yao, juu ya udongo wao. Mutu mwenye alinunua tiketi alinunua siku moja ya kucheza, hakununua munara.

Yote ni kweli. Lakini haitoshe, sababu kuko mufano mwingine, na unatoka ndani ya jamaa ile ile. Mwaka 2019, uwanja wa Kings Island, mu Ohio, wenye ulikuwa wa Cedar Fair, ulikuwa na treni inaitwa Vortex, ya tangu 1987. Ilikuwa imefika mwisho wa maisha yake. Uwanja ulitangaza mwisho wa mwezi wa tisa, ukasema siku ya mwisho ni tarehe 27 mwezi wa kumi. Mwezi moja mzima. Watu walikuja, wakapanda, wakapiga picha, wakaagana. Treni ikavunjwa vile vile. Lakini hawakubaki na uchungu wa kufichwa.

Kwa hiyo kuagana kunawezekana. Kuficha ni uamuzi wenye kampuni inachagua.

Wapenzi wenye hawakungoja siku ya mwisho

Kuko mifano ya Marekani ile ile yenye inafundisha zaidi, moja ya kushinda na moja ya kushindwa, na zote mbili zilikuwa kwenye kitongoji kimoja cha New York: Coney Island, kando ya bahari.

Ya kwanza ni Cyclone, treni yenye reli ya mbao, ilifunguliwa mwaka 1927. Haipite mita 26. Miaka ya 1970 kulikuwa mpango wa kuivunja ili nyumba ya samaki ya jirani ipate nafasi ya kupanuka. Watu wa kitongoji na wapenzi walisimama mbele ya mashini kufika. Waliandika, walikutana, walikwenda kwa wakubwa wa muji. Treni ikapata mutu wa kuitengeneza, ikafunguliwa tena mwaka 1975. Mwaka 1988 muji wa New York uliiandika kuwa mali ya kihistoria, na mwaka 1991 ikaingia kwenye daftari la inchi nzima. Leo hakuna mutu anaweza kuamuka asubuhi akaivunja. Watoto wa wale wa 1927, na wajukuu wa wajukuu, bado wanaipanda.

Ya pili ni Thunderbolt, jirani yake, ya mwaka 1925. Ilikuwa imesimama bila kazi tangu 1982, majani yamepanda juu ya reli. Mwezi wa kumi na moja 2000, asubuhi mapema, muji ulileta mashini ukaivunja, ukisema ni hatari kwa watu. Mwenyewe alienda kortini, na mwaka 2003 korti ilisema muji haukuwa na sababu ya haki ya kufanya vile. Alishinda. Lakini treni haikurudi. Hukumu haina nguvu ya kusimamisha mbao zenye zimekwisha kuvunjika.

Kuko pia Leap-The-Dips, mu Altoona, jimbo la Pennsylvania. Ni ya mwaka 1902, ya zamani kuliko zote zenye bado zimesimama. Ilifungwa mwaka 1985. Wapenzi walitafuta feza, wakaitengeneza, ikabeba watu tena mwaka 1999, miaka 14 kisha.

Tofauti kati ya hizi na Kingda Ka iko wapi? Hatuseme Kingda Ka ingeweza kuokolewa. Chuma cha mita 139 chenye kinasukumwa na mafuta na kamba si kama mbao zenye seremala anabadilisha moja moja. Tofauti yenye tunaona ni ya wakati. Wale wa Cyclone walipenda kwa sauti wakati kitu kilikuwa bado kimesimama, na upendo wao uliandikwa kwenye karatasi ya serikali. Wale wa Kingda Ka walikuwa wengi kuliko wao, wako na simu, wako na video. Kuko hata shirika la wapenzi la Marekani tangu 1978. Lakini siku ya tangazo hakukuwa karatasi hata moja yenye inalazimisha kampuni kuwauliza, ao hata kuwaambia mapema.

Sisi tunachukua nini hapa?

Musomaji wa Kivu, wa Ituri, wa Maniema ao wa Tanganyika anaweza kusema: hawa ni watu wenye hawana shida. Analilia treni ya michezo, sisi tunalilia watu na nyumba. Ni kweli, na hatulinganishe uchungu na uchungu. Lakini njia yenye kitu kinapita mpaka kupotea ni ile ile.

Katika miji yetu kuko vitu vyenye wote tunaita "vyetu" na havina jina letu kwenye karatasi. Uwanja wa mpira wenye mutaa mzima umecheza kwa miaka mingi. Muti mukubwa wenye wazee wanakalia chini yake. Sale ya zamani ya sinema ao ya mikutano. Shule yenye ilisomesha kizazi chote. Siku moja mutu anaamuka, anakuta mapao yamezungushwa, mulinzi yuko mulangoni, anaambiwa fasi hii iliuzwa. Nani aliuza? Lini? Karatasi iko wapi? Tunaanza kupiga kelele, tunakuja ku redio, tunapita mu émission. Na mara nyingi tunafika tarehe 14, wakati mambo yaliisha tarehe 10.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kuuliza mapema. Chefu wa mutaa, ofisi ya cadastre, shirika la raia: hawa njo watu wa kuuliza fasi fulani imeandikwa kwa jina la nani, wakati bado hakuna mwenye anaigombania. Swali lenye linaulizwa kwa amani halina gharama kubwa. Swali lenye linaulizwa mbele ya mapao linahitaji avoka.

La pili ni kwa wale wenye kuamua, wa serikali na wa biashara. Haki ya kuvunja haiondoe wajibu wa kusema. Kuna wakati kitu kinapaswa kweli kuondoka: kimezeeka, ni hatari, ao mwenyewe hana tena feza ya kukitunza. Watu wanaelewa kuliko tunavyofikiri. Ukiwaambia mwezi moja mbele, watakuja kuaga, watakasirika kidogo, watarudi nyumbani. Ukiwaficha, hata kama ulikuwa na haki, utabaki mwenye kuonekana mwizi.

La tatu ni kwa wote wenye kucheka. Mutu mwenye analilia mashini, analilia siku alipandia pale na nani. Baba yake, rafiki yake wa shule, bibi yake mbele ya ndoa. Mashini ni shahidi tu. Shahidi akiondoka bila kusema, ushahidi unakuwa muzito kuushika peke yako.

Ku Saudi Arabia, karibu na Riyadh, munara mwingine wa treni umekwisha kusimama, unaitwa Falcons Flight. Ulijengwa na Intamin ile ile, na jina la Six Flags liko mulangoni. Mashindano ya kupanda juu hayajaisha, yalihama tu. Na hiyo nayo itazeeka. Wenye kuipanda leo wangefanya muzuri kuuliza sasa, wakati bado inangaa: siku yake ikifika, nani atatuambia?